Mzuka Ufichwe au Uonekane? Mwanga, Kivuli na Hofu katika Filamu za Kale

Mjadala wowote kuhusu filamu za kutisha za zamani haukawii kufika mahali pamoja: watengenezaji wa zamani walijua kuficha, wa leo wanaonyesha kila kitu, na kwa hiyo wa zamani ndio waliojua kutisha. Kauli hiyo imerudiwa mno hata imekuwa kama sheria. Ina ukweli ndani yake, nami sitaki kuibeza. Lakini nikizitazama filamu zenyewe, hasa zile za mizuka, pepo na wafu wanaorudi, naona sheria hiyo inaziacha nje kazi nyingi zilizo bora kabisa katika aina hii. Hizo hazifichi. Zinauonyesha mzuka waziwazi, pengine mchana kweupe, na bado zinasisimua mwili. Nadhani siri yake ni kwamba mzuka umewekwa katika mwanga uleule, hewa ileile na sakafu ileile ya walio hai. Ukitengwa na mwanga wa chumba uliomo, hautishi tena, uwe umefichwa nusu au umeachwa wazi.

Nianze na upande wa wanaotetea kuficha, maana una nguvu. Mwaka 1942 studio ya RKO ya Marekani ilitoa Cat People, filamu ya gharama ndogo iliyotayarishwa na Val Lewton, ikaongozwa na Jacques Tourneur na kupigwa picha na Nicholas Musuraca. Ni hadithi ya mwanamke anayeamini kwamba akizidiwa na ashiki au wivu atageuka chui. Fedha za kutengeneza kiumbe wa kuaminika hazikuwepo. Hata ngazi za jengo analoishi mwanamke huyo zilijengwa kwa ajili ya filamu nyingine ya studio hiyohiyo, The Magnificent Ambersons. Basi wakaijenga hofu kwa walivyokuwa navyo: taa, kuta na sauti.

Katika tukio la bwawa la kuogelea, mwanamke mwingine, Alice, yuko peke yake majini usiku. Mwanga unaoakisiwa na maji unatetemeka ukutani na darini, haukiachi kitu kitulie. Mngurumo unasikika. Kivuli kinapita, au labda ni mawimbi tu. Jicho linatafuta, na kila linapotua panaweza kuwa na kitu. Kabla ya hapo Alice ametembea barabarani akifuatwa na mlio wa viatu. Mlio unakoma ghafla, kimya kinatanda, kisha kinapasuliwa na breki za basi zinazolia kama mnyama anayeruka. Hoja ya watetezi ni kwamba mtazamaji akiachiwa nafasi tupu ataijaza kwa hofu yake mwenyewe, na hakuna fundi wa vinyago anayeijua hofu hiyo kuliko mwenye nayo. Ukiwa umelitazama tukio hilo, ni vigumu kuwapinga.

Hata hivyo kuna jambo wanalolipita haraka mno. Katika filamu hiyohiyo chui anaonekana. Ni usiku, ofisini kwa wachoraji wa michoro ya meli, na mwanga pekee unatoka kwenye meza za kuchorea zenye taa chini ya kioo, ukizipiga nyuso za wahusika kutoka chini. Mnyama mweusi anapita kati ya meza. Ni chui halisi, mwenye uzito na mwendo wake, na mwanga unaomfikia ni uleule unaowafikia watu waliobanwa ukutani. Sioni kwamba tukio hili ni dhaifu kuliko lile la bwawani. Naliona ni pacha wake.

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ya Night of the Demon, iliyoongozwa na Tourneur huyohuyo mwaka 1957. Yeye na mwandishi Charles Bennett hawakutaka pepo aonekane jinsi alivyoonekana. Mtayarishaji Hal E. Chester alitaka, na neno lake likapita. Tangu hapo watu wamekuwa wakiitolea filamu hiyo mfano wa jinsi tamaa ya kuonyesha inavyoharibu kazi njema. Mimi naomba tuangalie kilichoharibika hasa. Pepo anapotokea mara ya kwanza yuko mbali, ni wingu la moshi linalong'aa juu ya miti, linakuja polepole kumwelekea mtu aliyeduwaa. Hapo yupo wazi, naye anatisha, kwa sababu moshi na miti na usiku vimeshikana. Uharibifu unaingia uso wake unapoletwa karibu na kujaza fremu nzima: sasa hakuna mti, hakuna moshi wa kutosha, hakuna usiku wa kumzunguka. Limebaki sanamu. Kosa la mtayarishaji, kwa maoni yangu, halikuwa kuonyesha, bali kumkata pepo kutoka mahali pake.

Sasa tuwageukie wale walioonyesha. Nosferatu ya F. W. Murnau, ya mwaka 1922, hukumbukwa kwa kivuli chenye kucha ndefu kinachopanda ngazi. Kwa sababu ya kivuli hicho watu huiweka kwenye orodha ya filamu zinazoficha, na husahau jinsi mnyonya damu mwenyewe anavyoonyeshwa, mwili mzima, tena na tena: amesimama ndani ya mlango uliopinda kama umekatwa kwa kipimo chake, anatembea juu ya sitaha ya meli, anabeba jeneza lake mitaani. Murnau hakujifungia studio. Alipeleka kamera Wismar na Lübeck, miji ya Ujerumani, na kwenye ngome ya Orava iliyo katika Slovakia ya leo. Kiumbe asiyewezekana amesimama mbele ya matofali yaliyojengwa na watu, chini ya jua la kweli, na matofali hayo ndiyo yanayomshuhudia.

Nilitaje jua hilo vizuri, kwa maana limeleta kutoelewana kwingi. Utepe wa filamu wa wakati huo haukuwa mwepesi kunasa picha gizani, hivyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha nakala za kuonyeshwa zikatiwa rangi ya buluu ili mtazamaji asome kwamba ni usiku. Mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru filamu iteketezwe kufuatia kesi ya hakimiliki iliyofunguliwa na mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula ambayo filamu iliifuata bila ruhusa. Nakala zilizosalia zilisambaa, na kwa miaka mingi wengi waliiona bila rangi hizo, wakashangaa mnyonya damu anayekimbia jua anazunguka mchana. Ukarabati wa baadaye umerudisha buluu, na usiku umerudi nayo. Hilo si jambo la pembeni. Anayehukumu filamu ya kale kwa nakala mbovu anahukumu kitu ambacho mwongozaji hakukitengeneza.

Miaka kumi baada ya Murnau, Carl Theodor Dreyer alikwenda mbali zaidi. Vampyr (1932) haina giza kubwa. Ina ukungu. Yeye na mpiga picha Rudolph Maté waliweka kitambaa chepesi mbele ya lenzi ili kila kitu kififie na kuwa cha kijivujivu: shamba, nyumba, uso wa mtu, kivuli kinachotembea bila mwenyewe. Kwa kuwa walio hai nao wamefifia, huwezi kuchora mstari na kusema mzuka unaanzia hapa. Huko ni kuonyesha au ni kuficha? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayonifanya niuone mjadala wenyewe kuwa umepangwa vibaya tangu mwanzo.

Kwangu kilele ni tukio moja katika Ugetsu ya Kenji Mizoguchi, filamu ya Japani ya mwaka 1953 iliyopigwa picha na Kazuo Miyagawa. Mfinyanzi anarudi nyumbani baada ya vita na baada ya kumsahau mkewe kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa mzuka. Anaingia ndani anaita. Nyumba ni tupu, jiko ni baridi. Anatokea mlango wa nyuma na kuizunguka nyumba. Kamera inabaki ndani, ikigeuka taratibu kumfuata kupitia matundu ya ukuta, mpaka anapofika tena mlango wa mbele. Anaingia, na moto unawaka, na mke amekaa kando yake. Hakuna mkato, yaani picha haikukatizwa popote. Hakuna moshi, hakuna muziki wa kutushtua, hakuna mwili unaopenyeka mwanga. Chumba ni kilekile tulichokiona kitupu punde tu, na jicho letu halikutoka humo. Ni asubuhi tu ndipo mfinyanzi anaambiwa kwamba mkewe aliuawa. Hofu hapa imechanganyika na huzuni kiasi kwamba haitenganishiki, na yote imetokana na uaminifu wa kamera kwa mahali. Mkato mmoja ungeiua.

The Innocents ya Jack Clayton (1961) inafanya jambo linalokaribiana na hilo kwa njia nyingine. Studio ilitaka filamu ipigwe kwa mfumo wa CinemaScope, fremu pana ambayo wengi waliona haifai kwa hadithi ya mlezi mmoja aliyejifungia na watoto wawili katika nyumba kubwa. Mpiga picha Freddie Francis alitumia filta alizozipaka rangi kingo zake, hivyo pande za picha zikaingia giza na mwanga ukabaki katikati, kana kwamba mtu anatazama kwa mshumaa wake tu. Ungetarajia mizuka iishi katika giza hilo la pembeni. Badala yake mzuka wa Miss Jessel, marehemu aliyekuwa mlezi kabla ya huyu, unatokea mchana, ng'ambo ya ziwa, umesimama kwenye matete katika gauni jeusi. Haufanyi chochote. Uko mbali mno kutuonyesha uso wake, lakini upo, na upepo unaoyagusa matete unaugusa na wenyewe. Wahakiki wamebishana kwa miaka mingi kama mizuka hiyo ni ya kweli au ni mawazo ya mlezi, na ubishi huo umewezekana kwa sababu Clayton ametuonyesha kile ambacho mlezi anakiona, bila taa ya pekee ya kutuambia tukiamini au tusikiamini.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi. Kuna wanaoamini kwamba enzi hii ilikufa rangi ilipoingia. Siafiki. Dracula ya kampuni ya Hammer ya Uingereza, ya mwaka 1958, iliwachukiza baadhi ya wahakiki kwa damu yake nyekundu. Lakini tazama Christopher Lee, mwigizaji wa Dracula, anavyoingia: kwanza ni umbo jeusi juu ya ngazi, jinsi mila inavyotaka, kisha anashuka haraka, anafika kwenye mwanga wa kawaida wa ukumbi, na ni bwana mwenye adabu anayemkaribisha mgeni. Mwanga huo wa kawaida ndio unaotusumbua. Na Kwaidan ya Masaki Kobayashi (1964) yenye mbingu zilizochorwa kwa brashi, nyingine zina macho yanayotazama chini, haijavunja hoja yangu. Pale mzuka ni wa kubuni na mbingu ni za kubuni. Vyote vimetoka mkono mmoja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa The Cabinet of Dr. Caligari mwaka 1920, ambapo vivuli vyenyewe vilipakwa rangi ukutani.

Pingamizi kubwa dhidi yangu ni la muda. Kinachoonekana huzeeka. Vipodozi vilivyotisha jana leo vinaonyesha gundi yake, ilhali kishindo nyuma ya mlango hakina gundi. Nalikubali pingamizi hili karibu lote. Anayetengeneza filamu bila uwezo wa kukifanya kiumbe chake kishirikiane na chumba, afiche. Ni uamuzi wa busara, na ndio uamuzi wa Lewton. Ila kuficha nako kumekuwa mazoea. Siku hizi huonyeshwa picha zilizokolea weusi kiasi kwamba humwoni hata mhusika, na giza hilo linauzwa kama urithi wa filamu za kale. Si urithi wao. Giza la Musuraca lilipangwa: daima kuna ukuta mmoja uliopata mwanga, taa moja ya mezani, ukingo wa shavu, na ndiyo maana weusi unaobaki una maana.

Upande wa pili, mwaka 1973 The Exorcist ilimwonyesha aliyepagawa waziwazi, kitandani, na hata wapenzi wa kuficha wanakiri ilitisha. Chumba hicho cha kulala kilijengwa studio na kupozwa kwa mashine mpaka chini ya kiwango cha kuganda, ili pumzi za waigizaji zionekane. Pumzi ya padri na pumzi ya aliyepagawa zinatoka zikiwa mvuke uleule. Hakuna vipodozi vingefanya kazi ile kama hewa isingekuwa baridi kweli.

Imebaki The Haunting ya Robert Wise, ya mwaka 1963, ambayo wanaotetea kuficha huiweka mezani mwishoni kama turufu. Wise alianza kuongoza chini ya Lewton, na humu hauonekani mzuka hata mmoja. Alipiga picha kwa lenzi pana ya Panavision, kampuni ya vifaa vya kamera, ambayo ilikuwa haijakamilika, iliyopinda mistari ya kuta, na akalazimika kutia saini kwamba anajua kasoro zake. Kwenye tukio maarufu zaidi, mlango wa mbao unasukumwa na kitu kilicho nje mpaka unajikunja kama unavuta pumzi. Ni kweli, hatukioni kilicho nje. Lakini mlango tunauona wote, katika mwanga mzuri, mbao zake zikipinda. Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 1999 kwa picha za kompyuta, nyumba nzima ilijaa nyuso na mikono inayotoka ukutani, na karibu hakuna aliyetishika. Wanaotetea kuficha husema sababu ni kwamba ilionyesha mno. Mimi nikizilinganisha naona mbao za 1963 zilibeba uzito na za 1999 hazikubeba, na sijui kama mjadala kati yetu unaweza kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa sote tunauelekezea kidole mlango uleule.