Rubani wa jeshi akivua gwanda, tunampeleka wapi?

Huku Kigoma, mwisho wa reli, ndege siyo mambo ya anasa kama wenzetu wa Dar wanavyodhani. Uwe na mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili halafu ufikirie kilomita zaidi ya elfu moja za treni au basi, hapo ndo utaelewa kwa nini ile Q400 ya Air Tanzania ikishuka uwanjani Katubuka watu bado wanainua macho. Kwa hiyo stori za marubani vijiweni haziishi, na kila zikianza lazima atokee mmoja aseme yeye hapandi ndege inayoendeshwa na mjeda mstaafu, eti atawageuza kichwa chini miguu juu akidhani yuko kwenye MiG, ndege ya kivita. Watu wanacheka wee, wanagongeana na mikono.

Mi naona ni kinyume kabisa. Rubani akitoka jeshini ndo kwanza sisi raia tungemgombania.

Tatizo tunaamini jeshi linamfundisha rubani ujasiri, basi. Kuna mzee mmoja wa Ujiji, mstaafu wa mambo ya anga (shikamoo mzee wangu kama unasoma), siku moja alitukatisha kwenye hizo kelele za kahawa, kikombe kakishika kwa vidole viwili, akasema taratibu kama anasoma ripoti, "Wanangu, kule ukiruka lisaa limoja mmeshakaa masaa mawili mnapanga, na mkishuka mnakaa tena mnaambizana makosa. Kapteni anakosolewa mbele ya luteni na anaandika." Hakusimulia hata risasi moja. Alipotoka jeshini akataka kurusha ndege za raia, akaambiwa aanze makaratasi upya toka mwanzo, akaona isiwe tabu, sa hivi ana michikichi yake na mawese yanamlipa. Sawa, lakini hela iliyomsomesha ilikuwa ya nani?

Chukua huyu Sullenberger wa Marekani, yule wa ndege iliyotua mtoni. Alimaliza chuo cha jeshi la anga 1973, akarusha F-4 Phantom, 1980 akaacha jeshi akaingia kwenye ndege za abiria na huko akakaa karibu miaka 30, nalisema hili maana watu wanamsimulia kama vile katoka kwenye ndege ya kivita moja kwa moja hadi mtoni, wakati miaka yote hiyo alikuwa anapeleka watu kwenye biashara zao na misiba yao na hakuna gazeti lililomwandika. Tarehe 15 Januari 2009 anaondoka New York, hajafika hata futi 3,000, wakavaana na kundi la mabata bukini, injini zote mbili kwishnei. Toka hapo hadi kugusa maji ya mto Hudson ni kama dakika tatu na nusu. Watu 155, wote wakatoka hai.

Kinachonikosha mimi wala siyo ule mto. Ni kwamba cheklisti, yaani orodha ya hatua za kufuata, ya injini zote kuzima ilitungwa kwa ndege iliyo juu sana yenye muda wa kutosha, ndefu hiyo, msaidizi wake Skiles aliishia kama theluthi tu maji yakafika. Ila Sullenberger mapema kabisa akawasha ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme, kitu ambacho kwenye karatasi kiko mbali huko chini, na wachunguzi baadaye wakasema hilo lilisaidia mno kwa sababu umeme ukiwepo kompyuta za ndege zinaendelea kumlinda rubani asipitilize uwezo wa ndege. Huwezi kuruka mistari ya cheklisti kwa akili kama hujaikariri yote. Na ndege ikiwa inajaa maji, jamaa akatembea ndani mara mbili kuangalia kama kuna mtu kabaki. Huo sasa ndo ujeda ninaousema, siyo kupinduka hewani.

Tammie Jo Shults naye hivyo hivyo, alirusha ndege za kivita F/A-18 za jeshi la majini la Marekani, akahamia Southwest, Aprili 2018 injini ikapasuka wakiwa juu futi elfu thelathini na kitu na dirisha likavunjika. Abiria mmoja alifariki, wengine akawashusha Philadelphia.

Sisi watu wa ziwa hata haitakiwi kutushangaza. Juni 1916, kwenye vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji walileta ndege za kutua majini wakaja kupiga mabomu bandarini hapa hapa Kigoma, wanaiwinda Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyokuwa imefungwa mizinga. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwezi uliofuata, ikaja kuibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kazi ikiitwa Liemba. Imebeba mama zetu na magunia ya dagaa miaka na miaka na sijawahi kusikia mtu akisema hapandi kwa sababu ilikuwa meli ya vita. Sasa chuma tumekisamehe, binadamu mwenye leseni tunamwogopa?

Hoja yenye nguvu kidogo ni ile ya "serikali imemsomesha halafu akafaidi shirika". Naielewa. Lakini wenzetu walishaitafutia dawa. Neil Armstrong, yule Mmarekani wa kwanza kukanyaga mwezi, alisomeshwa na jeshi la majini kwa makubaliano: unasoma, unakatisha unaenda kutumikia, unarudi kumalizia. Akaenda Korea akaruka mara 78, akarudi akamaliza digrii 1955, na mwezini 1969 alikwenda akiwa raia, siyo mwanajeshi, watu wengi hili hawalijui. Baadaye akafundisha chuo kikuu Cincinnati. Nchi ilipata hasara gani hapo?

Na kwenye jeshi la anga la Marekani sa hivi rubani akimaliza mafunzo anadaiwa miaka kumi ya utumishi, akitoka leseni yake ya ndege za abiria wanamkubalia kwa masaa 750 badala ya 1,500, kwa sababu wanajua rubani wa ndege za kivita anaruka muda mfupi mfupi, masaa hayajai haraka, ila kila lisaa limempiga msasa. Kimataifa rubani wa abiria anaruhusiwa hadi miaka 65. Mjeda anayestaafu na hamsini yake ana miaka kumi na tano mizima ya kufanya kazi!

Kwa hiyo mamlaka ya anga, jeshi na mashirika wakae meza moja, waandike wazi masaa ya jeshini yanahesabiwaje, simulata (ile mashine ya kufanyia mazoezi ya kurusha ndege ukiwa chini) inalipiwa na nani, mtihani upi anarudia na upi harudii. Na wakiogopa vijana watakimbia wote, waweke mkataba wa miaka kama hao wenzetu, anayeondoka kabla arudishe ada. Siyo ngumu kihivyo.