Muulize mwenye nyumba, usimwachie mtoto

Wiki tatu zilizopita tulialikwa kipaimara hapa Houston. Pilau, kachumbari, muziki, watoto wamejazana chumbani. Katikati ya shamrashamra mwanangu wa miaka sita akaja kuninong'oneza: "Mama, kwenye droo ya anko kuna bunduki ya kweli."

Ilikuwa bastola, na ilikuwa na risasi. Mwenye nyumba akaenda kuichukua, akaipandisha juu ya kabati la nguo, akarudi kula. Halafu watu wakaanza kunipongeza. Hongera dada, umemfunza mtoto. Shemeji mmoja akampa mwanangu dola tano. Nikashukuru, nikatabasamu, na tabasamu lile linaniuma mpaka leo.

Ni kweli nilimfunza. Nilitumia somo la Eddie Eagle, lile ambalo NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki hapa Marekani, kililianzisha mwaka 1988: ukiona bunduki simama, usiguse, ondoka mbio, mwambie mtu mzima. Tumeliimba kwa Kiswahili kwenye gari asubuhi nyingi sana. Mwanangu analijua kama anavyoijua Baba Yetu.

Usiku ule, namwogesha, akaniambia: "Nilishika kidogo tu, Mama. Nilitaka kuona kama ni nzito."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kuna utafiti wa Atlanta uliotolewa mwaka 2001 ambao nilikuwa nimewahi kuusoma nikaupuuza. Wavulana wa miaka 8 hadi 12 waliachwa wawili wawili au watatu watatu katika chumba chenye bastola halisi, isiyo na risasi, iliyofichwa kwenye droo. Yalikuwa makundi 29. Makundi 21 yaliiona, 16 yakaishika, na katika makundi 10 kuna mtoto aliyevuta kifyatulio. Kati ya watoto walioishika au kuifyatua, zaidi ya asilimia 90 walisema walishawahi kufundishwa usalama wa bunduki. Hao ni wa miaka minane na kuendelea. Wangu bado anang'oka meno ya utoto.

Sisemi tuache kufundisha. Fundisheni, nami nitaendelea. Lakini mtoto wa miaka sita hawezi kufanywa mlinzi wa bastola ya mtu wa miaka arobaini, na pongezi zile zilikuwa zinamfanya hivyo hivyo.

Wengi wetu tumekuja na picha ya gobole la babu. La kwetu lilining'inia darini, baruti ikakaa kwingine kabisa, na kulishindilia mpaka lilie kulimchukua babu muda mrefu. Hata ungelichezea, lilikuwa bomba tu. Bastola ya droo haiko hivyo. Ukitoa magazini, kile kibweta cha risasi, bado risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, pale inapokaa tayari kufyatuliwa, na hiyo moja inatosha. Mtoto ambaye kidole chake kimoja hakina nguvu huigeuza, mdomo wa bastola ukimtazama yeye mwenyewe, akasukuma kifyatulio kwa vidole gumba viwili. Nimeandika sentensi hiyo mikono ikitetemeka, lakini naomba kila mzazi aisome. Katika nchi hii, tangu mwaka 2020, bunduki zimekuwa zikiua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 wengi kuliko ajali za magari.

Namwelewa kaka yule mwenye bastola. Anaendesha abiria usiku, ameshawahi kuvamiwa, na kumiliki bastola ni haki yake hapa Texas. Haya. Ila sheria hiyo hiyo ya Texas inasema mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia bunduki yenye risasi kwa uzembe wako, una kosa la jinai. Na sheria ya nchi nzima ya mwaka 2005 inamtaka muuzaji mwenye leseni akukabidhi bastola pamoja na kufuli au kifaa cha kuifungia. Kufuli lile liko wapi? Vituo vingi vya polisi hugawa mengine bure. Sefu ndogo inayofunguka kwa alama ya kidole inakaa kando ya kitanda, na usiku wa hatari unaifungua kwa sekunde chache.

Kinachonichoma zaidi ni sisi wageni. Tunapompeleka mtoto kucheza kwa watu tunauliza kama kuna mbwa mkali. Tunauliza kama bwawa la kuogelea lina uzio. Tunasema mtoto hali karanga. Lakini kumuuliza mtu aliyekukaribisha kwake, aliyekupikia, "Kaka, kuna bunduki humu? Imefungiwa?", tunaona tumemvunjia heshima. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni hapekui nyumba ya mwenyeji. Na mimi nimelelewa hivyo, ndiyo maana nimekaa miaka tisa hapa bila kuuliza hata mara moja, nikiona aibu, huku namfundisha mtoto wimbo. Aibu yangu ya sekunde kumi niliigeuza kuwa kazi yake.

Siku hizi napiga simu mapema, kabla ya kukubali mwaliko, ili nisimuulize mtu mbele ya wageni wake. Naanza na yangu: kwetu hakuna bunduki, je, kwenu? Wengine wanacheka. Mmoja alinikasirikia, kisha baada ya siku mbili akanitumia picha ya sefu mpya, bado iko kwenye boksi.

Jumamosi hii tumealikwa Katy, mji jirani na Houston, bethidei ya rafiki wa mwanangu. Jana nilimpigia mama mwenye nyumba, mwanamke mpole, tunasali wote. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Dada, ngoja nimuulize baba yao. Na mimi sijui anaiweka wapi."