Ramani iliyosinyaa, kishikwambi na lori langu

Swali la sita lilikuwa la kugawa alama za bure. Kipande cha ramani, skeli 1:50,000, barabara inayopinda kutoka kijijini hadi mtoni. Mwanafunzi achukue uzi, aufuatishe kona kwa kona, aupime kwenye rula, aseme umbali halisi. Mwongozo wangu wa kusahihisha ulisema sentimita 15, yaani kilomita 7.5.

Nikaanza kusahihisha. Wa kwanza kaandika kilomita 6. Wa pili 6.1. Wa tatu, binti ambaye hakosagi swali la ramani, 6. Nilipofika karatasi ya kumi nikaomba uzi kwa mwalimu anayeshona vitambaa mapumziko, nikapima mwenyewe. Sentimita 12. Kilomita 6.

Ramani ilikuwa imesinyaa, na aliyeisinyaza ni mimi.

Wiki ile umeme ulikuwa wa kuviziana, na betri ya laptopu yangu, mkweche nilionunua tayari umetumika, haivuki dakika 20. Basi mtihani nikautunga kwenye kishikwambi, yaani tableti, nimejilaza kitandani kama malkia. Picha ya ramani ikawa inakimbilia ukurasa wa pili kila nikiongeza mstari, nikaivuta kona kwa kidole mpaka ikatulia. Kwenye laptopu huwa ninafungua kisanduku kinachonionyesha picha ina upana wa sentimita ngapi. Siku ile nilitegemea kidole na jicho, na jicho liliona picha nzuri tu. Walimu wa Jiografia watauliza: na ile skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa kilomita chini ya ramani, je? Ingesinyaa pamoja na ramani yake na watoto wangepona. Naam. Nilikuwa nimeikata ili kubana nafasi.

Niliwapa wote alama zao, sikumwambia mtu.

Tangu hapo nimeacha kuulizana na wenzangu kipi bora kati ya kishikwambi na laptopu. Ninajiuliza tu kazi niliyonayo inamalizikia wapi. Inaweza kuanzia popote: kwenye daladala, chini ya mwembe, jikoni maharage yakichemka. Ila kazi yenye vipimo, majedwali, au karatasi itakayotolewa nakala mia na kitu, haimaliziki kwa kidole.

Vishikwambi vyenyewe vilitufikiaje? Wengi mnakumbuka sensa ya Agosti 2022, makarani wakipita nyumba kwa nyumba na vile vioo mkononi. Baada ya sensa serikali ikavielekeza shuleni, kwa walimu. Ofisini kwetu zikazuka kambi mbili papo hapo. Kambi ya kwanza: laptopu sasa ya nini, tuuze. Kambi ya pili ikakifunga kabatini, kikae salama kama vyombo vya wageni, kwa sababu kikivunjika nani atalipa. Mimi nilikuwa kambi ya kwanza, kwa muda.

Lakini sensa ile ile ilikuwa imeshatuonyesha jibu. Karani anauliza: mko wangapi, choo ni cha aina gani, mna mifugo? Anagonga, anahama mlango. Hiyo ndiyo kazi ya kishikwambi hasa, kazi ya kusimama, ya swali fupi na jibu fupi. Halafu yale majibu ya watu 61,741,120 yakaenda kuwa majedwali. Sidhani kuna mtakwimu aliyeyapanga kwa kidole gumba.

Steve Jobs alipoitambulisha iPad, Januari 2010, aliiweka katikati ya simu na laptopu, akasema kifaa cha katikati hakina sababu ya kuwepo kama hakizidi vyote viwili kwa mambo fulani. Hapo alisema kweli. Miezi michache baadaye akafananisha kompyuta na malori: hayatatoweka, ila watakaoyahitaji watakuwa wachache. Hapo ndipo tunapoachana. Mimi nakaa Morogoro, si mbali na barabara kuu ya Dar es Salaam. Malori nayasikia usiku kucha, na najua yasipopita siku tatu duka la mtaani halina sabuni wala chumvi. Asiyeendesha lori bado anakula kilichobebwa na lori.

Mwisho wa muhula mimi ni dereva wa lori. Nina mikondo miwili, wanafunzi 118, kila mmoja na jaribio, mtihani, wastani, daraja na nafasi. Nilishajaribu kuingiza alama hizo kwenye kishikwambi. Kidole changu kinafunika seli tatu kwa mpigo, kibodi ikijitokeza inameza nusu ya kioo, na safu ya majina inatoweka kushoto, kwa hiyo naandika 67 bila kujua ni ya nani. Saa mbili, nimeingiza mkondo mmoja na shingo imekakamaa. Kwenye mkweche wangu kazi hiyo hiyo huisha kabla ugali haujaiva, alimradi umeme upo.

Wapo watakaosema nunua kibodi ya kuunganisha kwa Bluetooth. Nilinunua, Kariakoo, ikaja na kava lake la kusimamishia. Nikawa na kitu kizito karibu kama laptopu, kisichokaa vizuri mapajani, chenye chaji mbili za kukumbuka badala ya moja. Sisi wenyewe kwa Kiswahili tunaiita kompyuta mpakato, ile unayoipakata kama mtoto. Jaribu kupakata kishikwambi chenye kava: kinapinduka. Kibodi ile sasa anaichezea mwanangu, anajifanya karani wa benki.

Ila nisije nikaonekana nakidharau. Nitawasimulia siku ambayo laptopu isingeweza kitu.

Kidato cha pili walikuwa hawaelewi kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Unachora ubaoni mistari ya duara ndani ya duara, unasema hapa mistari imebanana pana mteremko mkali, wanaitikia "ndiyo madam" kwa sauti moja, ukiuliza mmoja mmoja hakuna kitu. Nikawatoa nje. Kutoka uwanjani kwetu Milima ya Uluguru inaonekana wazi, imekaa kama mtu aliyeegemea mlango. Kwenye kishikwambi nilishahifadhi picha ya setilaiti ya upande ule na ramani yake ya kontua, maana bando la kuangalia moja kwa moja nisingelimudu. Nikawapa wakipitishane, watano watano. Wanakuza kwa vidole viwili, wananyanyua macho mlimani, wanarudi kwenye kioo. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, asiyefungua mdomo darasani, akakigeuza kishikwambi kichwa chini ili kilingane na alivyosimama, kisha akanyoosha mkono: "Madam, hii mistari iliyobanana si ule ukingo pale juu ya mashamba?" Ndio ukingo wenyewe. Sikumfundisha mimi kugeuza ramani ielekee mahali alipo. Kitu kinachogeuka mkononi ndicho kilichomfundisha. Laptopu ungeigeuzaje?

Kwa hiyo nyumbani kwangu mgawanyo uko hivi. Kusoma, iwe muhtasari, mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma au magazeti, ni kishikwambi, mara nyingi usiku. Kupiga picha kazi za wanafunzi, mahudhurio, kuonyesha kitu darasani, nacho. Andalio la somo naanza kulichora humo nikiwa popote. Laptopu hukaa mezani kama cherehani, na kila kinachokwenda kuchapwa lazima kipite kwake. Chaja yake imeandikwa wati 65, ya kishikwambi wati 10. Umeme ukikatika kile kidogo hujazwa na pawabenki na maisha yanaendelea.

Tabu iliyobaki ni ya kati kwa kati, kuhamisha mafaili. Wengi tunajitumia wenyewe kwa WhatsApp, na hapo kuna mtego: ukituma ramani kama picha ya kawaida inabanwa, kontua zinakuwa ukungu. Itume kama faili. Au tumia flashi yenye ncha mbili, ambayo haiulizi bando. Halafu ukishahamisha, ya zamani ifute, la sivyo utakuwa na "Mtihani mwisho", "Mtihani mwisho 2" na "Mtihani mwisho KABISA", na utakaouchapa ni ule wenye makosa. Nawajua walionyamaza hapo.

Mwalimu mpya aliyeripoti kwetu juzi aliniuliza, ana hela ya kifaa kimoja tu, achukue kipi. Nikamuuliza anafundisha nini. Hesabu, na wamemtwika pia utaaluma, kusimamia mitihani na matokeo ya shule. Nikamwambia achukue laptopu iliyotumika, yenye betri inayobadilishika, asidanganywe na wembamba. Angekuwa muuguzi wa kutembelea kaya au bwana shamba ningemwambia kinyume chake, bila kusita.

Na mtihani wa mwezi uliopita niliupeleka steshenari kwa flashi, kutoka kwenye laptopu. Kijana akatoa nakala ya kwanza. Nikatoa rula mkobani, nikaiweka juu ya ramani pale pale kaunta, foleni nyuma yangu.

"Mwalimu, unapima kiwanja?"

Sentimita 15. Nikamwambia apige nakala 118.