Vanila kutoka kwenye hamira ya pombe yetu

Ile chupa ndogo ya arki ya vanila unayonunua kwa Mangi, ya kutia kwenye keki, kwa kawaida haijawahi kuonana na vanila yoyote. Mkulima wa Bukoba hana lake humo. Kinachonukia ni vanilini, na sehemu kubwa ya vanilini ya dunia hutengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za petroli. Vanila ya maganda, ile inayochavushwa kwa mkono ua moja moja, haifikishi hata asilimia 1 ya vanilini inayotumika.

Naanzia hapo kwa sababu mtu akisikia kuna hamira iliyopandikizwa jeni ili itoe vanila, jambo la kwanza kusema ni kwamba wanataka kuua vanila yetu ya asili. Vanila ipi? Wajerumani waliitengeneza maabara tangu mwaka 1874. Kwenye keki zetu za hapa Dar, anayeshindana na hamira ni petroli.

Na kazi yenyewe inasisimua. Vanilini, eujenoli ya karafuu na mojawapo ya harufu kuu za waridi ni ndugu: zote zimejengwa juu ya pete ya atomi sita za kaboni. Mimea, ukungu na bakteria wengi huijenga pete hiyo kutokana na sukari kwa mlolongo wa hatua uitwao njia ya shikimati. Sisi wanyama hatuna njia hiyo, ndiyo maana fenilalanini na triptofani, ambazo ni vijenzi vya protini, lazima tuzipate kwenye chakula. Kijidudu anaiweza, ila ni bahili. Akishapata kiasi kinachomtosha, bidhaa yenyewe hurudi nyuma kuzuia kimeng'enya cha mwanzo wa mlolongo. Mhandisi hubadilisha jeni ya kimeng'enya hicho kisisikie tena amri ya kusimama, kisha huongeza jeni za kuipeleka pete anakotaka.

Mwaka 2009 watafiti, wengi wao wa Denmark, walichapisha matokeo ya vanilini iliyotengenezwa na hamira kutokana na sukari. Jeni moja ilitoka kwa ukungu wa kwenye mavi ya wanyama, nyingine kwa bakteria, nyingine kwa binadamu. (Ukitaka kuharibu sherehe ya mtu, msimulie hayo keki ikikatwa.) Vanilini ni sumu kwa hamira, hivyo wakatafuta pia jeni ya mmea ya kuibandika sukari ili makali yapungue. Mavuno? Hamira ya mkate ilitoa miligramu 45 kwa lita. Aina ya pili ilitoa miligramu 65.

Hiyo aina ya pili inaitwa Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe hii hii. Ilitambuliwa Ujerumani mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na leo ni miongoni mwa vijidudu vinavyochunguzwa zaidi maabara duniani. Bibi zetu waliifuga kwenye vyungu. Maarifa na hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) zimejaa kwingine.

Hasira yangu iko hapo, wala haiko kwenye jeni. Tunaogopa kijidudu kitamnyang'anya mkulima, wakati soko linamnyang'anya bila msaada wake. Bei ya vanila ilipita dola 500 kwa kilo karibu na mwaka 2018, kisha ikaporomoka, na hakuna hamira iliyohusika. Angalia pia artemisia, mmea wa dawa ya malaria uliolimwa hadi Arusha. Mwaka 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi ilianza kuzalisha artemisinini, kiini cha dawa hiyo, kwa msaada wa hamira. Ikashindwa na bei ya majani, iliyokuwa chini mno, na mwaka 2016 kiwanda kikauzwa. Jani lilishinda, lakini sidhani kama kuna mkulima aliyejenga nyumba kwa ushindi huo.

Kwa hiyo ningependa tuache kulinda gunia, tuanze kutaka tangi la kufugia vijidudu. Pemba wanakamua mafuta ya karafuu, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli. Mwanzoni mwa karne iliyopita vanilini ya viwandani ilitengenezwa kwa eujenoli hiyo hiyo, kwa kemia. Leo kuna bakteria wa jamii ya Pseudomonas wanaoigeuza hatua kwa hatua hadi vanilini. Njia hiyo ni fupi kuliko kuanzia kwenye sukari, maana pete tayari imejengwa na mkarafuu. Na ukitaka sukari, molasi ipo Kilombero na Mtibwa.

Watu je? Pitia Ilala, penye kiwanda cha bia, uvute hewa. Jiji hili lina mafundi wanaoendesha matangi makubwa ya hamira usiku na mchana, wanajua joto, usafi na namna ya kumfukuza kijidudu asiyealikwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara nzima ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Kati ya Mlimani na Ilala ni mwendo wa daladala.

Kinachokwamisha ni kwamba kila tukitaja jeni, mawazo yanakimbilia mahindi. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni Makutupora, Dodoma, na tangu hapo neno GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa jeni, linatajwa kama ugonjwa. Shamba lina upepo, chavua na jirani. Tangi lina mfuniko, na mwisho wa kazi kijidudu huuawa kwa joto. Mtu mwenye kisukari anayejichoma insulini ya binadamu asubuhi pale Temeke anatumia kazi ya bakteria au hamira iliyobadilishwa jeni, teknolojia iliyoidhinishwa Marekani tangu 1982, na hakuna anayeandamana. Wanaotunga kanuni za usalama wa viumbe hai waandike sura yake ya tangi lililofungwa, yenye masharti makali kuhusu maji taka, kwa kuwa mto Msimbazi umeshachoka. Na TBS, Shirika la Viwango, iilazimishe chupa ya Mangi iseme wazi vanilini yake imetoka wapi: kwenye ganda, kwenye petroli au kwenye hamira.