Maji Yalipoikimbia Ujiji

Mgeni akifika Kigoma na kuuliza historia, hupelekwa Ujiji moja kwa moja. Ataonyeshwa mnara na miembe, ataelezwa kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwezi Novemba 1871, atapiga picha, na kazi imeisha. Mimi naona tunaidhulumu Ujiji tukiisimulia hivyo. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa soko kuu la Ziwa Tanganyika, na sisi tumeufanya mahali ambapo wageni wawili walisalimiana.

Chumvi ya Uvinza ilikuwa ikisafiri kandokando ya Mto Malagarasi tangu zamani sana, kabla misafara ya pwani haijafika huku. Wajiji walikuwa na mitumbwi na samaki, Waha wa milimani walishuka na mazao na mifugo, mawese nayo yakauzwa. Sokoni walitumia shanga zinazoitwa sofi kama fedha. Waarabu na Waswahili walipokuja, waliukuta mkondo wa biashara unatembea tayari, wakauongezea pembe za ndovu na, kwa ukatili mkubwa, watumwa waliotolewa ng'ambo ya ziwa. Hilo nalo lisimuliwe hapohapo Ujiji, waziwazi. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika Februari 1858 walikuwa wameifuata njia ambayo watu wengine walikwisha kuichonga.

Lakini linalonishangaza zaidi ni jinsi ziwa lenyewe lilivyoamua mambo. Simama penye mnara leo na uangalie ufuko ulivyo mbali. Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi, ila mto unaoyatoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na magugu, na maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1878 hivi kizuizi kikapasuka. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10.

Sasa tazama umbile la nchi. Ujiji iko kwenye mteremko mpole, kwa hiyo maji yakishuka kidogo, ufuko unasogea mbali. Kigoma, kilometa chache tu kaskazini, ni ghuba iliyokumbatiwa na vilima, na kina chake kinaanza karibu na ukingo. Kushuka kulekule kulikoiacha Ujiji mchangani kuliiacha Kigoma bado na bandari. Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 1,470 hivi, lakini mwenye meli anachotaka kujua ni kina cha pale anapofunga kamba.

Wajerumani walianza kwa kuweka kituo chao Ujiji, maana ndiko watu walikokuwa. Reli ya Kati ilipotoka Dar es Salaam na kufika ziwani mwaka 1914, ikaishia Kigoma. Siwalaumu wahandisi kwa kuchagua maji marefu. Lakini ofisi za serikali zikaifuata reli, biashara ikazifuata ofisi, na soko la kale likageuka kuwa pembeni mwa mji mpya. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipandevipande kwenye makreti, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, na Wabelgiji wakauchukua mji. Waingereza walikuja kuiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hata baada ya Tanganyika kuwa mikononi mwa Uingereza, Ubelgiji ilipewa haki ya kutumia eneo lake bandarini Kigoma kwa mkataba wa 1921, kwa ajili ya shehena za Kongo.

Ombi langu kwa Manispaa ya Kigoma/Ujiji halihitaji fedha nyingi. Wapimaji watafute kimo cha maji ya 1878, kisha nguzo zisimikwe mitaani Ujiji kuonyesha ziwa lilipoishia, na kila nguzo iwe na maneno machache juu ya chumvi, sofi, mitumbwi na minyororo. Watoto wa shule watembezwe hapo kabla ya kupelekwa mnarani.

Tena si kwa ajili ya historia pekee. Miaka hii ya karibuni ziwa limepanda tena, na watu wa Bujumbura na Uvira wamehamishwa na maji kwenye nyumba zao. Huku kwetu bado watu wanajenga ufukoni wakiamini maji yamefika mwisho wake, ilhali hayajafika hata karibu na pale yalipokuwa mwaka 1878.