Changizo la mgonjwa wa akili: la mara moja au la kila mwezi?

Mtwara na Lindi changizo la ugonjwa lina njia yake: video ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, namba ya mweka hazina, siku chache za kukumbushana. Kwa ajali au upasuaji inafaa, maana gharama ina mwisho. Skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu, hudai kila mwezi.

Wanaoitetea video wana hoja. Mgonjwa aliyechafuka, asiyelala wala kula, anataka fedha leo: gari ya kukodi hadi hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), na akipewa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, nauli yake na ya wasindikizaji wawili kupitia Dar es Salaam hadi Dodoma, pamoja na ile ya kurudi, ambayo kamati husahau. Familia ikikosa msaada wiki hiyo huuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya chini, zikiwa bado mtini, na msimu mzima unaliwa na deni. Na tuseme kweli, bila sura watu hawatoi sana.

Ila mgonjwa akipata nafuu, video inabaki kwenye simu za watu, na atakayeombwa kibarua ameshaiona. Taarifa za afya zina ulinzi katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu aliye katika hali ile hawezi kuridhia kurekodiwa. Kisa kielezwe bila sura wala jina la kijiji. Fedha zitapungua, naona hasara hiyo inavumilika.

Balaa lenyewe huja baada ya kurudi. Kisera tiba ya akili katika vituo vya umma ni ya msamaha wa malipo, lakini dawa zikiisha kituoni familia huambiwa ikanunue dukani. Sindano ya flufenazini, dawa ya skizofrenia, huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huo, inaweza kukakamaza shingo na kutetemesha mikono. Asipopewa benzheksoli ya kutuliza hayo, mgonjwa huzikataa zote. Ugonjwa ukirudi, ndugu husema karogwa tena, na salio la changizo linaishia kwa mganga.

Ndiyo maana wengine hutaka mfuko wa kudumu. Watu 40 wakitoa Sh 2,000 kila mwezi, ni Sh 80,000. Mkulima wa korosho Machi hana hiyo 2,000. Heri atoe 24,000 kwa mkupuo Novemba, malipo ya mnada yakiingia. Udhaifu nao upo: huruma hupoa, na mweka hazina hujikopesha. M-Koba, huduma ya simu ya kuweka fedha za kikundi, humbana huyo, kwa kuwa wanachama huona miamala na fedha hazitoki kwa mkono wa mmoja, ila haimlazimishi mtu kuchanga.

Ningechagua vyote viwili: changizo la dharura litangazwe, na theluthi yake itengwe kwa dawa kabla nauli ya Dodoma haijapigiwa hesabu. Dawa zilipwe moja kwa moja dukani kwa cheti cha daktari. Anayeuguza apewe taslimu kidogo bila kudaiwa risiti: siku ya kliniki hafanyi kibarua, na bodaboda hana kitabu cha risiti.