Nionyeshe chasisi, tafadhali

Natafuta gari aina ya Isuzu VehiCROSS kwa moyo wote. Ile ya milango miwili, yenye plastiki nyeusi kuzunguka nusu ya chini ya bodi na tairi la akiba lililofichwa ndani ya mlango wa nyuma. Zilitengenezwa kati ya 1997 na 2001 na hazikufika 6,000, kwa hiyo ikitokea moja inauzwa, moyo unanienda mbio.

Halafu nafungua tangazo. Picha 15: usukani, viti, redio, boneti inayong'aa. Chini ya gari? Hakuna hata moja. Gari la zaidi ya miaka 20, la kupandia mawe na kuvukia matope, na muuzaji anaona redio ndiyo ya kunionyesha!

Nikiuliza, najibiwa "gari haina shida." Naomba picha ya chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, naletewa boneti tena. Wa mwisho aliniambia kama sina nia nisimsumbue. Nia ninayo, ndiyo maana nauliza! Injini yake ya V6 hainitishi, ni ya ukoo wa Trooper, gari jingine la Isuzu. Lakini kipande cha ile plastiki ya pembeni kikivunjika utakitafuta miezi na miezi, maana hakuna gari jingine linaloivaa. Nikikuta na chasisi imeoza, nimlilie nani?

Ndugu muuzaji, piga magoti dakika 5, ingiza simu chini ya gari. Chasisi, difu, mabomba ya breki. Ukinionyesha kutu nitakuheshimu, na huenda bado nikanunua.